Mawe ya Watu Kwenye Bustani ya Bosi

Juzi mjukuu wangu Nasra, anayesoma chuo kikuu na ambaye nitamsifu mpaka mchoke, alikuja kwangu Mesquite, huku Texas, na kitabu kikubwa cha mambo ya kale. Nikamwambia anisomee. Macho yangu hayataki tena herufi ndogo, na hata yalipokuwa yanataka mimi niliishia darasa la nne. Akanisomea kichwa cha habari, na kwa Kiswahili kilikuwa hivi: watu wa Peru wa kabla ya vyungu. Nikamwambia afunge hicho kitabu. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Hebu niambieni nyinyi vijana mliosoma: mtu anatajwaje kwa kitu ambacho hakuwa nacho? Mimi sina gari, sina digrii, na mume sina tangu marehemu babu yenu alipotutoka. Basi mtaniandika bibi wa kabla ya gari? Watu wale, zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, walijenga majukwaa ya mawe marefu kama nyumba za ghorofa. Walilima pamba. Walisuka nyavu na kuvua dagaa wakala, na waliobaki wakapelekwa kwa watu wa mabonde ya juu. Walipiga filimbi za mifupa ya mbawa za ndege. Maji waliyatia kwenye vibuyu, viazi vitamu wakavichoma. Chungu cha udongo hawakuwa nacho, na walishiba. Mimi kwetu Malindi nimekula muhogo wa kuchoma utoto wangu wote na sijaona mtu akinililia.

Nayajua haya kwa sababu nimezishika mali zao kwa mikono hii. Kazi yangu ilikuwa kufunga mali ya kale. Sikuchimba wala sikuandika. Nilikuwa nachukua kitu ambacho ukikipumulia vibaya kinageuka vumbi, nakilaza ndani ya kasha la mbao, nakituma kikafike kama kilivyoondoka. Nilianza Houston miaka ya tisini, nikaja kumalizia hapa Mesquite miaka ya elfu mbili. Nawaandikia kwa sababu wengi wenu mko kwenye maghala haya, mnafunga na kufungua maboksi kutwa, na mnaona ni kazi ya kudharauliwa. Kazi haina kosa. Kosa liko kwa baadhi ya wanaoisimamia, na mmoja wao nitamtaja leo. Nimemvumilia vya kutosha.

Nilipofika Houston nilikaa mtaa wa Gulfton na binti yangu Zuhura, kwenye zile fleti ambazo kila mlango una lugha yake. Nikapata kazi ya ufagio kwenye makumbusho moja, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mfungaji wa pale alikuwa Mzee Otis, mweusi wa hapa hapa Texas, mwembamba kama mpini wa jembe. Siku moja aliniona nikifunga sahani zangu za chakula cha mchana kwenye kanga, moja juu ya nyingine, fundo juu. Akaziinua, akaziinamisha huku na huku. Hazikulia. Akaniuliza kama naweza kufunga na kitu kingine, au ni wali tu. Hivyo ndivyo nilivyoacha ufagio mara ya kwanza.

Mzee Otis alikuwa na sheria zake, na mimi nawapa nyinyi bure. Kabla hujanyanyua kitu, tengeneza kwanza mahali utakapokiweka. Wapumbavu hunyanyua kwanza, halafu wanazungukazunguka nacho kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shika kwa mikono miwili, toka chini, wala usishike mdomo wa chombo hata kama umekaa kama unaokuita. Usitembee kinyumenyume. Kalamu ya wino isiingie stoo, penseli tu. Kasha lifungwe kwa skrubu, si kwa misumari, maana nyundo ndiyo adui wa kwanza, kabla hata ya barabara. Na ukishamaliza, liinamishe kidogo. Ukisikia kitu kinacheza ndani, fungua uanze upya, hata kama trela limeshafika mlangoni na dereva anatukana.

Siku ya kwanza aliniambia nivue bangili. Nikamwambia hizi ni za mahari, hazijatoka mkononi tangu niolewe. Akasema sawa, basi wewe na mahari yako mkae hapo mlangoni. Nikazivua. Mara nyingine niliingia kazini siku ya pili ya Idi, nguo zangu zimefukizwa udi. Mlinzi akanusa moshi, akabeba mtungi wa kuzimia moto, akazunguka stoo nzima akitafuta kinachoungua. Akanipita mara mbili. Mzee Otis alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia, kwa adabu, kwamba moshi na vitambaa vya kale havipatani, na udi wangu niuache kwa sikukuu.

Enzi hizo tulifunga kwa magazeti na pamba ya hospitali, na tulitia dawa ya nondo mpaka kichwa kikauma. Magazeti yakawa yanaacha wino, pamba ikawa inang'ang'ania nyuzi. Baadaye ikaja karatasi laini isiyo na tindikali, na sponji ngumu tunayoichonga kwa kisu ikawa na umbo la kitu chenyewe, kama godoro la mtoto mchanga. Leo kila kasha lina mistari yake ya kumulikwa na mashine. Mashine inajua kila kitu isipokuwa kilichomo ndani.

Makosa nimeyaona. Bwana mmoja wa ofisini, mwenye vyeti ukutani, alikuta mkeka wa kale umetandazwa mezani, akaona unamchukulia nafasi. Akaukunja kama mtu anayetoka pikiniki. Mkeka uliolala mchangani tangu kabla ya Nabii Musa ukamvunjikia mikononi kwa mlio wa biskuti. Mzee Otis hakumtukana. Alimletea brashi ndogo na kizoleo, akasimama pembeni mpaka yule bwana akamaliza kuokota kila kipande, suti na tai yake. Mimi ningemtukana.

Sasa nije kwenye mawe.

Katika mali za Peru tulizozitunza, nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa vifuko. Wachimbaji huviita shikra. Vimesukwa kwa majani magumu ya mtoni, matundu wazi kama wavu wa samaki, ni ndugu kabisa wa pakacha letu la makuti. Na ndani mna mawe. Watu wale walipojenga majukwaa yao waliyatia mawe kwenye kifuko, wakayabeba mpaka kwenye jengo, na walipofika hawakuyamwaga. Walikilaza kifuko na mawe yake hapo hapo, kimoja juu ya kingine, mpaka jukwaa likasimama. Kwa hiyo kifuko na mawe ni kitu kimoja. Ukikiona tu, unamwona mtu. Huyu alikuwa na mgongo wa punda. Huyu alibeba machache, pengine alikuwa ametoka kujifungua, pengine alikuwa mvivu, Mungu amrehemu.

Vifuko hivyo vililetwa Texas na profesa mmoja zamani, kabla yangu, kwa ruhusa ya kuvisoma kisha kuvirudisha. Akavisoma, akazeeka, akafa. Havikurudi. Mzee Otis akastaafu. Mvua kubwa ikaingiza maji kwenye chumba cha chini pale Houston, ambako hata siku kavu hewa unaweza kuikamua kama nguo, na mali zote zikahamishiwa ghala kavu huku Mesquite. Mimi nikazifuata. Mwanangu Salim alikuwa anaendesha lori Dallas, jirani tu na hapa, ana chumba cha ziada, na mimi vile vifuko nilishavizoea.

Meneja wa ghala la Mesquite alikuwa Bwana Randall. Kijana, msafi, shati halina kunyanzi, anapenda kila kitu kikae bapa. Msaidizi wangu alikuwa Mama Riziki, Mkongomani wa Uvira, mkimbizi, mlokole, mwenye ulimi ambao Bwana Randall ana bahati hakuuelewa. Tulifanya kazi vizuri. Yeye akiimba nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya chini, mimi nikisoma nyiradi zangu, makasha yanafungwa.

Hatimaye wenyewe, watu wa Peru, wakataka mali yao. Ikaamuliwa irudi. Mama mmoja, Bi Nélida, atatumwa kutoka Lima kuja kuipokea na kuondoka nayo. Nilifurahi kama ninayesafiri mimi. Tukaanza kuandaa makasha. Katikati ya kazi hiyo Zuhura akajifungua kule Houston, na mnajua kwetu mzazi haachwi peke yake. Nikaomba ruhusa nikaenda kumlea, nikamkanda, nikampikia uji wa pilipili manga, nikakaa naye mpaka arobaini ikatimia. Niliporudi kazini nilikuta shikra zote zimetandazwa kwenye trei. Tupu. Bapa. Zimekaa kama mbuzi waliochunwa.

Nikamuuliza Mama Riziki mawe yako wapi. Alikuwa hataki kuniangalia.

"Bosi alisema ni kilo mingi, ndege haitaki," akaniambia. "Wanafunzi wa kumusaidia wakamwanga yote mu ndoo. Enda uone kule mbele, kwenye maua. Mi nilinyamaza, Mama Salim. Niko na watoto."

Nikaenda mbele. Kwenye mlango wa ofisi Bwana Randall alikuwa na bustani yake ndogo ya waridi, anaimwagilia mwenyewe. Na waridi zilikuwa zimezungushiwa mawe. Mazuri, ya kijivu, yamepangwa vizuri, yamechanganywa na mawe meupe ya chokaa ya hapa Texas. Mawe yaliyotoka kwenye bonde lao, yakapandishwa na watu kwa migongo yao, yakakaa ndani ya jengo lao tangu dunia haijui hata jina la Marekani. Sasa yanazuia udongo usimwagike kwenye lami. Nilisimama pale jua la Texas likinipiga utosini, na nawaambia ukweli, nilitaka kuyang'oa maua yale kwa meno.

Nikaingia ofisini. Bwana Randall alinieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Akasema chenye thamani ni msuko. Msuko ndio kazi ya binadamu, mawe ni mawe tu, hayajachongwa, hayana alama, na uzito wake ni balaa. Akasema zikiwa bapa hata picha zimetoka vizuri. Akasema hayo na mimi nikiwa nimesimama. Hakuniambia nikae.

Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu. Nikamwambia kwetu pwani jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata kipande cha sukari guru, lakini tupu hulirudishi, maana kulirudisha tupu ni kumwambia jirani tusijuane tena. Na hapa sisi tumefanya baya kuliko hilo. Bakuli lilikuja na vitu vyake ndani, vitu vya mwenyewe, sisi tumevimwaga kwenye maua yetu, halafu tunamrudishia bakuli lake na tabasamu. Akacheka. Akaniambia, Aisha, haya ni mawe, si futari. Kisha akaniambia nikafunge makasha, mgeni anakuja Ijumaa.

"Hili sifungi," nikamwambia.

"Ni kazi yako."

"Kazi yangu ni kufunga kitu. Hiki ni nusu ya kitu."

Uso ukamgeuka. Akasema makasha atayafunga Mama Riziki. Mimi kuanzia kesho ni ufagio, na ufagio hauongei na wageni. Nikifungua mdomo mbele ya mama wa Lima, nisirudi Jumatatu.

Msifikiri hilo lilikuwa dogo. Mume wa Zuhura alikuwa bado hajapata kazi, mtoto ana siku arobaini, na fleti ya Gulfton ilisimama kwa kazi yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Salim. Mwanangu wa kuzaa akaniambia, mama, mawe jamani, utapoteza kazi kwa ajili ya mawe ya watu usiowajua? Nikamuuliza angekuwa anaendesha lori la mtu, akafika mwisho wa safari na turubai bila mzigo, angemwambia nini mwenye mzigo. Akainuka akaenda kulala. Lakini mimi usingizi haukuja. Kusema kweli niliamua kunyamaza. Asubuhi nilichukua ufagio nikiwa nimeamua hivyo.

Ijumaa Bi Nélida akafika. Mwanamke mfupi wa makamo, sketi ya kazi, nywele zimesukwa kwa nyuma, mkoba begani. Makasha yalikuwa hayajafungwa, maana lazima aone kwanza kabla ya kupokea. Mama Riziki alisimama na bisibisi yake. Mimi nilikuwa nafagia pahali palipokwisha kufagiliwa. Bwana Randall akainua kifuniko cha trei ya kwanza kama muuza vitambaa, akaanza kusifia msuko.

Bi Nélida aliangalia. Akavuta trei ya pili, na ya tatu. Hakugusa kitu. Alitazama ndani ya kasha, chini yake, pembeni yake, kama mtu aliyepewa nguo za mwanawe bila mwanawe. Ndipo akauliza, kwa Kiingereza kilichochechemea kama changu:

"Na mawe yake?"

Bwana Randall akasema mawe hayakuwa na umuhimu wa kisayansi, na yameondolewa kwa utaratibu. Utaratibu! Neno hilo ndilo lililonivunja. Ningeweza kuvumilia angesema tumekosea. Ningeweza hata kuvumilia uongo wa kawaida, kwamba yamepotea kwenye mafuriko. Lakini mtu amchune mwenzake kisha amwambie ni utaratibu?

"Yako nje, bibi," nikasema. "Yamezunguka maua."

Bwana Randall akanigeukia polepole, mimi nikaendelea kumwangalia yule mama, kwa sababu mazungumzo hayakuwa yake. Bi Nélida akaweka mkoba wake chini. Akaniuliza ni mlango upi. Nikaacha ufagio, nikamtangulia.

Alipoiona bustani hakupiga kelele. Alipiga magoti pale pale kwenye udongo uliomwagiliwa asubuhi, na sketi yake, akanyanyua jiwe la kijivu, akaligeuza, akalipangusa kwa kiganja. Akaanza kunieleza mimi, si bosi. Akasema wenzake wanafikiri mawe yakiwa ndani ya vifuko, ardhi ya kwao ikitetemeka, na hutetemeka sana, jengo hucheza kidogo halafu hutulia, haliporomoki, kwa sababu kila kifuko kinashika mawe yake. Akasema pengine kila familia ilileta kifuko chake. Akasema mengine kwa Kihispania ambayo sikuyajua, lakini hasira haihitaji mkalimani.

Nikapiga magoti na mimi. Magoti yangu hayapendi, lakini nikapiga. Mara nikaona kivuli, ni Mama Riziki, bisibisi bado mkononi. Alikuwa amemwacha bosi peke yake na trei zake.

"Umesema una watoto," nikamwambia.

"Niko nao," akajibu. "Ndiyo sababu. Nitawaambia nini?"

Tukaanza kuchagua. Ya kijivu huku, meupe yabaki. Kazi rahisi, tungeweza hata kuifurahia. Lakini ndoo ilipojaa Bi Nélida akasimama, akatazama rundo, akatazama ndani kwenye vile vifuko, na nikaona limemfika lile ambalo mimi lilikuwa limenifika siku ya kwanza. Jiwe gani ni la kifuko gani? Nani alibeba mengi, nani machache? Hakuna ajuaye tena. Wanafunzi walimimina yote pamoja.

"Hilo limepotea," akasema. Basi.

Mama Riziki akasema Mungu anajua ya nani ni ya nani. Bi Nélida akatabasamu kidogo, nadhani kwa adabu. Mimi sikutabasamu, na mpaka leo sijatabasamu. Mungu anajua, ndiyo, lakini hata sisi tulikuwa tunajua, bila shida yoyote, mpaka mtu alipochukua ndoo. Hapo hakuna fundi atakayerekebisha. Kitu kikivunjika utagundisha, kikichafuka utasafisha, lakini vitu vilivyokaa pamoja miaka elfu nne ukivitenganisha kwa uvivu wa kubeba, umeua jambo, na wala hutapelekwa mahakamani.

Bi Nélida aliomba simu. Alizungumza na wakubwa wa makumbusho kule Houston muda mrefu, yeye na Bwana Randall ofisini, mlango umefungwa, na sauti yake niliisikia kupitia ukutani. Bwana Randall alipotoka masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya. Akasema mawe yaende. Akasema hana mtu wa kutengeneza kasha la uzito ule kabla ya jioni. Nikamwambia anaye, ila amemweka kwenye ufagio.

Basi nikafunga. Nawaambia, vijana, sijafunga kasha zuri kama lile maishani. Mbao nene, miguu chini ya kasha ili forklifti ipate pa kuingilia, sponji tabaka kwa tabaka, kila jiwe na shimo lake, hakuna linalogusa jirani. Mama Riziki alikata, mimi nikalaza. Bwana Randall alipita akasema si lazima kuyafunga hivyo, ni mawe, hayavunjiki. Mama Riziki akamjibu kwa Kiswahili chake jambo ambalo sitaliandika hapa, watoto wanasoma. Tulipoinamisha kasha halikutoa sauti yoyote. Nikakaza skrubu ya mwisho kwa mkono wangu. Bwana Randall akaniambia, hilo ndilo la mwisho utakalofunga hapa. Hakunifukuza. Aliogopa, nadhani, ile simu isipigwe tena. Lakini kufunga ndiyo basi. Nilimwambia sawa.

Trela likapakiwa. Mwendesha forklifti akalalamika uzito, nikamwambia afadhali yeye ana mashine. Bi Nélida akatukumbatia, mimi kisha Mama Riziki, mikono yake bado ina udongo kwenye kucha, akaingia kwenye gari la kuufuata mzigo mpaka uwanja wa ndege. Wakaanza kuondoka.

Ndipo Mama Riziki akanivuta nguo. Chini ya waridi la pembeni, nusu limefukiwa, kulikuwa na jiwe moja la kijivu. Sikufikiri. Nililing'oa nikakimbia. Mimi, bibi mwenye wajukuu, buibui mkononi, nakimbia kwenye lami ya Mesquite na jiwe, Mama Riziki nyuma yangu akipiga makofi na kumpigia dereva kelele za Kifaransa. Gari likasimama getini. Bi Nélida akashusha kioo. Sikuwa na pumzi ya kusema kitu, nikampa tu. Hakulitia kwenye mkoba wala hakuliweka chini. Alilipakata, akavuta mkanda wa gari ukapita juu yake na juu ya jiwe, akaufunga. Gari likaondoka.

Nilipogeuka Bwana Randall alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akaniuliza kulikuwa na nini cha haraka hivyo.

"Mwenyewe alikuwa amesahau kitu chake," nikamwambia.

Akaniambia nikafagie. Nikafagia. Bustani yake, na mashimo yake yote, sikuigusa.